Ile vumbi inatoka wapi? Kutoka Darwin mpaka moshi wa mashamba yetu

Wandugu, sisi wa agronomia tulisomeshwa kwamba udongo unazaliwa na jiwe lililo chini yake. Ni kweli, lakini haitoshi. Sehemu ya udongo inafika na upepo, na kujua inatoka wapi kumesumbua watu karibu miaka 200.

Mu Januari 1832, meli Beagle ilifika Porto Praya, kwenye visiwa vya Cabo Verde. Vumbi laini la kahawia lilikuwa linaanguka. Darwin akalikusanya, na baadaye Ehrenberg kule Berlin akachunguza pakiti 5 za vumbi la namna ile kwa darubini. Alihesabu maumbo 67 ya viumbe vidogo sana. Ila hakuona hata kimoja cha pekee cha Afrika kati ya vile alivyovijua, na 2 alikuwa amevijua kwa Amerika ya Kusini tu! Darwin yeye alishikilia Afrika, sababu upepo ulitoka kule. Alikuwa na haki, lakini upepo ukipita hauachi sahihi.

Kemia njo ilileta sahihi. Rubidi iliyo ndani ya mawe inageuka polepole kuwa stronti-87, basi mawe ya zamani sana yana stronti-87 nyingi kuliko lava changa. Vumbi linabeba ile alama popote linapokwenda. Ni kama lafudhi: mtu wa Bukavu akae Kinshasa miaka 20, akifungua mdomo tu munamjua.

Mu 1999, Oliver Chadwick na wenzake walipima udongo wa Hawaii, kuanzia wa miaka 300 mpaka wa miaka milioni 4. Kwenye ule wa zamani, mvua ilikuwa imekwisha kuosha chakula cha lava. Misitu ilikuwa inaishi na fosforo ya vumbi la Asia ya Kati, zaidi ya kilometa 6.000. Mimi naona kazi ile ingefundishwa mwaka wa kwanza.

Kisha Amazonia. Mu 2015, hesabu za satelaiti zilisema vumbi la Sahara linaipelekea tani kama 22.000 za fosforo kila mwaka, na kila mtu akasifu jangwa la Chad. Lakini mu 2019 Anne Barkley, Joseph Prospero na wenzao walitoa majibu ya filta walizoweka Cayenne, Guyane ya Wafaransa. Fosforo nyingi, tena ile inayoyeyuka upesi mu maji, ilitoka mu moshi wa majani na miti inayochomwa Afrika. Kwa makadirio yao inaweza kufika nusu ya yote inayoanguka Amazonia.

Moshi ule tunaujua. Kila kiangazi moto unatembea Angola, Zambia na kusini ya Kongo, juu ya udongo mwekundu ambao tayari ni maskini wa fosforo. Azote, ukipanda maharagi, inarudi kutoka hewani. Fosforo haina mmea wa kuirudisha hivyo. Ukiitaka, unaenda kununua mfuko wa NPK, na bei yake munaijua.