Vumbi jeusi kwenye rimu: lisome kabla ya kuliosha

Sisi wa pwani tumezoea barabara tambarare. Ndiyo maana wengi wetu tukirudi kutoka Eldoret na kusimama Free Area, nje kidogo ya mji wa Nakuru, hushangaa kukuta rimu nyeusi kama masizi ya chungu. Hilo si tope wala lami. Ni vumbi la breki.

Timboroa iko zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Nakuru ni kama mita 1,850. Ukishuka Sachangwan na Salgaa mguu ukiwa kwenye breki, pedi na diski husagana na kutoa unga wenye chuma ndani yake. Unga huo hutoka na moto, hunata kwenye rimu, na ukipata unyevu hushika kutu. Ukifika Mombasa, hewa ya chumvi humalizia kazi: rangi ya rimu hufanya malengelenge.

Kabla ya kumwita kijana wa kuosha, zunguka gari. Magurudumu ya mbele kuwa meusi zaidi ni kawaida, maana breki za mbele ndizo zenye kazi kubwa. Lakini moja likiwa jeusi mno kuliko mwenzake wa upande wa pili, huenda breki yake imeshika na haiachii. Sogeza mkono karibu bila kugusa. Likiwa na joto kuliko mwenzake, au kuna harufu ya kuungua, tafuta fundi hapo hapo. Ukisikia chuma kinakwaruza chuma, huenda pedi zimekwisha. Na ukiona majimaji ya breki yamevuja, usiondoke: hadi Mombasa bado ni zaidi ya kilomita 600.

Sasa kuosha:

- Acha magurudumu yapoe. Diski yenye moto ikimwagiwa maji baridi yaweza kupinda.
- Anza na magurudumu kabla ya bodi, kwa ndoo na tambara lake pekee.
- Lowesha vumbi kwanza, kisha tumia sabuni ya gari na brashi laini. Kataa asidi na nyuzi za chuma za kusugulia sufuria.
- Usipulize vumbi kavu kwa kompresa. Pedi za zamani zilikuwa na asbestosi, na mapafu hayana spea.
- Ukiondoka, kanyaga breki polepole mara kadhaa zikauke.

Safari ijayo, shuka kwa gia ndogo, injini ishikilie gari. Breki zikipata moto kupita kiasi hulegea, na Salgaa imekwisha kuchukua roho za kutosha. Dalili ya mvua ni mawingu.