Jina la Pango la Mangapwani

Siku moja nalikuwa nikifundisha habari za zamani, nikawaambia watoto kwamba watumwa wa Unguja walifichwa katika pango la Mangapwani. Kijana mmoja akasimama, akasema, "Mwalimu, pango lipi? Yako mawili." Sikuwa na jibu, naliona haya. Tangu siku ile nimeitafuta habari hii.

Mangapwani ni kijiji cha Unguja, pwani ya magharibi, mwendo wa kilomita 20 hivi kaskazini ya mji. Asidhani mtu kwamba jina hili latokana na mapango, kwa kuwa sauti zakaribiana. Manga ni neno la kale la nchi ya Waarabu, hasa Maskati na Omani. Ndiyo maana watu wa huko waliitwa Wamanga, na pilipili iliyokuja kwa vyombo vyao ikaitwa pilipili manga. Basi kijiji ndicho kilicholipa pango jina. Huko Shimoni, katika Kenya, mbele ya kisiwa cha Wasini, mambo ni kinyume: pango ndilo lililokipa kijiji jina.

Sasa, Mangapwani jina moja hutajwa kwa mahali pawili. Pa kwanza ni pango hasa, kazi ya Mungu, ndani ya jiwe la matumbawe, nalo lina maji matamu. Wazee husimulia kwamba kijana mtumwa alipotewa na mbuzi, akasikia sauti yake chini ya ardhi, ndipo pango likajulikana. Pa pili, kiasi cha kilomita 2 kutoka hapo, karibu na bahari, ni chumba kilichochimbwa na watu katika jiwe, chenye kuta, dari na ngazi ya kushukia. Husemwa kwamba kilikuwa cha tajiri mmoja, Mohammed bin Nassor.

Kwa nini kichimbwe? Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mapatano na Waingereza, soko la watumwa likafungwa, na kuwasafirisha kwa bahari kukakatazwa. Lakini utumwa wenyewe haukuondolewa kwa sheria katika Unguja mpaka mwaka 1897, na wanunuzi ng'ambo walikuwa wangaliko. Soko likiwa wazi, nani atajisumbua kuchimba mwamba mbali na mji?

Wasemao kwamba watumwa walipitishwa hata katika pango lile la kwanza siwabishii. Penye maji matamu msafara hupumzika. Lakini kukiita chumba kile "pango" ni kosa, tena si kosa dogo. Pango halikufanywa na mtu, wala hakuna wa kuulizwa habari zake. Chumba kina mtu aliyeamuru kichimbwe, na wachimbaji, na mwenye kufunga mlango.

Kijana yule nilimpa chaki, akaandika ubaoni majina mawili: Pango la Mangapwani, Chumba cha Watumwa.