Nyota zinazofifia na kung'aa: Darubini ndogo na daftari vyatosha kuzifuatilia

MWANZONI mwa 2020, aliyeitazama nyota nyekundu iliyo begani mwa Jabari, kundinyota lijulikanalo pia kama Orion, aliona jambo lisilo la kawaida. Betelgeuse, ambayo kwa Kiswahili huitwa Ibuti la Jauza, ilikuwa imefifia hadi ikakaribia kulingana na jirani yake Bellatrix, nyota ambayo kwa desturi huipita kwa mbali.

Kufifia huko kulitangazwa Desemba 2019 na wanaanga wa Chuo Kikuu cha Villanova, Marekani. Mwaka 2021 watafiti waliotumia darubini kubwa zilizoko Chile walieleza kuwa wingu la vumbi lililotokana na nyota yenyewe ndilo lililoziba sehemu ya mwanga wake.

Hata hivyo, darubini kubwa hazingetosha kueleza kama tukio hilo lilikuwa la kawaida au la. Ilibidi kurejelea kumbukumbu za miaka mingi, na sehemu kubwa ya kumbukumbu hizo imeandikwa na watu wasiolipwa chochote, wanaotazama anga kwa macho matupu au kwa darubini ndogo ya macho mawili.

Nyota badilifu ni nini?

Nyota badilifu ni ile ambayo mng'aro wake, unavyoonekana kutoka duniani, hupanda na kushuka. Mng'aro huo hupimwa kwa magnitudi: kadiri nambari inavyokuwa ndogo, ndivyo nyota inavyong'aa zaidi. Nyota hafifu kabisa inayoonekana kwa macho matupu penye giza huwa na magnitudi ya takriban 6.

Baadhi ya nyota hufifia kwa kuwa zinapatwa. Mfano maarufu ni Algol, iliyo kaskazini ya Kilimia. Jina lake latokana na Kiarabu, likimaanisha kichwa cha zimwi. Kila baada ya siku 2, saa 20 na dakika 49, hushuka kutoka magnitudi 2.1 hadi 3.4, kisha hurejea hali yake. Tukio zima huchukua takriban saa 10.

Aliyefafanua siri hiyo hakuwa profesa. John Goodricke, kijana kiziwi wa York, Uingereza, alianza kuifuatilia Algol mwaka 1782 akiwa na umri wa miaka 18. Mwaka uliofuata alipendekeza kuwa huenda kuna gimba jingine linaloizunguka na kuikinga. Alitunukiwa Medali ya Copley, akaaga dunia 1786 akiwa na miaka 21 pekee. Ilichukua zaidi ya karne moja, hadi 1889, kwa Hermann Vogel wa Ujerumani kuthibitisha kauli yake kwa kuchanganua mwanga wa nyota hiyo.

Nyingine hupanuka na kunywea kama kifua cha mtu anayepumua. Mira, iliyotambuliwa na David Fabricius mwaka 1596, huchukua takriban siku 332 kukamilisha mzunguko wake. Ikiwa katika kilele huonekana kwa macho matupu. Ikifika chini kabisa, hata darubini ndogo huipata kwa shida.

Katika kundi hilo zimo pia Sefeidi, ambazo mizunguko yake ni ya kutegemewa mno. Mwaka 1912, Henrietta Leavitt wa Marekani alionyesha kuwa kadiri mzunguko wa Sefeidi unavyokuwa mrefu, ndivyo nyota ilivyo na nguvu zaidi ya mwanga. Ugunduzi huo uliwapa wanaanga ufunguo wa kupimia masafa ya anga za mbali.

Kuna pia nyota zinazobadilika bila kutarajiwa. Mwaka 2000, Sebastián Otero wa Argentina alitambua kwa macho yake kuwa Delta Scorpii, nyota ya kundinyota la Nge iliyodhaniwa kuwa tulivu, ilikuwa imeanza kung'aa kuliko kawaida. Gesi iliyorushwa na nyota hiyo na kuizunguka kama pete ndiyo iliyosababisha mabadiliko hayo.

Vifaa

Darubini inayohitajika ni ya aina ile ile itumiwayo na waelekezi wa watalii mbugani. Iliyoandikwa 7x50 au 10x50 yafaa sana: nambari ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa lenzi kwa milimita. Lenzi ya milimita 50 hukusanya mwanga mara 50 hivi kuliko mboni ya jicho iliyopanuka gizani.

Zaidi ya hapo, mtazamaji ahitaji kiti cha kuegemea ili mikono isitetemeke, daftari, saa sahihi, na tochi iliyofunikwa kwa karatasi nyekundu. Macho yaachwe gizani kwa nusu saa kabla ya kazi kuanza. Kamwe darubini isielekezwe kwenye jua, kwani yaweza kupofusha papo hapo.

Jinsi ya kukadiria

Mtazamaji huteua nyota mbili tulivu ambazo magnitudi zake zinajulikana, moja iliyo angavu kuliko nyota badilifu na nyingine iliyo hafifu kuliko hiyo. Tuseme ya kwanza ni 3.2 na ya pili 4.0. Ikiwa nyota badilifu imo katikati kabisa, basi makadirio ni 3.6.

Nyota za kulinganishia zichaguliwe kwa uangalifu. Kwa mfano, Rho Persei iko jirani na Algol, lakini nayo ni badilifu, hivyo itampotosha anayeitegemea. Aidha, nyota zilinganishwe zikiwa katika kimo kinachokaribiana, kwa maana zilizo karibu na upeo wa macho hufifishwa na hewa. Nyota nyekundu nazo zisikodolewe macho kwa muda mrefu. Huonekana kana kwamba zinaongeza mwanga.

Tarehe na saa huandikwa papo hapo, kwa saa za kimataifa. Kenya iko mbele kwa saa tatu, hivyo saa tatu usiku huandikwa 18:00.

Nafasi ya Kenya

Ikweta hupita humu nchini, na kwa sababu hiyo karibu nyota zote za kaskazini na kusini huonekana katika mwaka mmoja. Jabari na Algol hufaa kutazamwa jioni za Januari na Februari, wakati wa kiangazi. Nge huja juu kati ya Juni na Septemba.

Kuanzia Machi hadi Juni, jioni ni zamu ya l Carinae, Sefeidi ya kusini yenye mzunguko wa siku 35 na nusu. Imo katika kundinyota moja na Suheli, nyota iliyowaongoza mabaharia. Kwa bahati mbaya, huo ndio msimu wa mvua ya masika.

Inapogonga saa tatu usiku Nairobi, Amerika kungali mchana na New Zealand kunapambazuka au kumekucha. Kwa watazamaji wa Ulaya, l Carinae haichomozi. Wakati huo, jukumu la kuitazama huliangukia hasa bara la Afrika, na pasipo na mtazamaji, pengo hubaki katika kumbukumbu za dunia.

Uaminifu kwanza

Shirika la waangalizi wa nyota badilifu la Marekani, AAVSO, lililoundwa 1911, hutoa ramani bila malipo na hupokea makadirio kutoka pembe zote za dunia. Albert Jones wa New Zealand, aliyefariki 2013, aliandika zaidi ya makadirio 500,000 maishani mwake, ingawa hakuwa mwanaanga wa kuajiriwa.

Kadirio moja laweza kukosea kwa sehemu mbili au tatu za kumi za magnitudi. Mengi yakijumlishwa, makosa hayo hupunguzana, mradi kila mmoja ameandika alichokiona wala si alichotarajia kukiona. Ndiyo maana inashauriwa kutotazama makadirio ya jana kabla ya kuandika ya leo.

Usiku wa mawingu nao huachwa wazi katika daftari. Pengo halimpotoshi mtafiti, bali nambari ya kubuni humpotosha, na usiku uliopita hauwezi kurudiwa ili kuirekebisha.