Kaswende ya Uganda, Zahanati za Mwanza na Woga wa Kupimwa

Mwaka 1907 serikali ya Uingereza ilimtuma Uganda Kanali Lambkin, daktari wa jeshi, kuchunguza kaswende. Taarifa yake ilitisha: sehemu kubwa ya Waganda, alidai, walikwisha ambukizwa, na miongoni mwa sababu alitaja ujio wa Ukristo na kulegea kwa mamlaka ya wanaume juu ya wanawake. Hofu hiyo ndiyo iliyoizaa Hospitali ya Mulago, iliyoanza mwaka 1913 kama kituo cha kutibu magonjwa ya zinaa. Watu walikaguliwa kwa lazima, machifu wakiunga mkono, na manung'uniko yakafuata.

Baadaye wataalamu walionyesha kwamba mengi yaliyoitwa kaswende huenda yalikuwa buba, ugonjwa wa ngozi na mifupa usioenezwa kwa ngono. Vimelea vya maradhi haya mawili ni ndugu wa karibu mno, hata kipimo cha damu cha Wassermann, cha mwaka 1906, hakikuweza kuvitenganisha. Jamii nzima ikatiwa doa la uasherati kwa ugonjwa ambao watoto huambukizana wakicheza.

Nauona hapo mzizi mmoja wa woga wetu wa kupimwa. Mmoja tu, maana aibu ya nyumbani ilikuwapo kabla ya mkoloni. Tusimsingizie kila kitu.

Kusini mwa ziwa lilelile, mkoani Mwanza, kati ya mwaka 1991 na 1994 ilijaribiwa njia nyingine. Katika jamii 6 wahudumu wa zahanati walifundishwa kutibu magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili, na dawa zikawapo. Jamii nyingine 6 zilitumika kulinganishia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995 yalionyesha maambukizi mapya ya VVU yamepungua kwa takriban asilimia 40. Hakuna aliyeburutwa kwenda zahanati. Njia hiyo, hata hivyo, ilikuwa na pengo: wanawake wengi wenye kisonono au klamidia hawaoni dalili yoyote, na asiyeumwa haendi kutibiwa. Kwao, hakuna kinachochukua nafasi ya kipimo.

Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 nchini Tanzania ilikataza kumlazimisha mtu kupima VVU, isipokuwa katika mazingira machache kama amri ya mahakama, na ikalinda siri ya majibu. Marekebisho ya mwaka 2019 yakaruhusu mtu kujipima mwenyewe. Kwenye karatasi, basi, tumetoka mbali na Mulago ile.

Lakini watumishi wa umma wanaosoma hapa wanajua umbali kati ya Gazeti la Serikali na dirisha la mapokezi, ambako mgonjwa huulizwa kwa sauti kubwa amekuja kupima nini. Wanafunzi wangu wanaujua zaidi. Aliyefanya ngono zembe anapaswa kufika mapema, kwa kuwa dawa za kuzuia VVU zisipoanzwa ndani ya saa 72 hazimfai tena. Kipimo cha siku hiyo hakitoshi. Hurudiwa baada ya miezi mitatu. Tena aombe kupimwa kaswende na mengineyo, maana wengi huondoka na jibu la VVU peke yake wakidhani wamemaliza.

Saa hizo 72 huhesabiwa tangu tendo lenyewe, si tangu mtu apate ujasiri, na nyingi hupotea nje ya geti la zahanati, mtu akichungulia kujua ni nani aliye zamu.