Waliozitunza Gemu Baada ya Konami Kuondoka

Mwaka 2013 kampuni ya Konami ya Japani ilitoa toleo lake la mwisho la mpira kwa ajili ya PlayStation 2, yaani PES 2014. Januari ya mwaka huohuo Sony ilikuwa imekwisha kutangaza kwamba haitengenezi tena mashine hiyo, iliyoingia sokoni mwaka 2000 na kuuzwa zaidi ya milioni 150. Kwa wakubwa wa Tokyo habari iliishia hapo. Katika miji midogo ya mkoa wa Kagera, Tanzania, kama Kayanga, Omurushaka, Nkwenda na Isingiro, ilikuwa ndiyo kwanza inakolea.

Sababu mojawapo ni umeme. Kwa miaka mingi Kagera ilitegemea umeme wa kununua Uganda, unaopita Masaka hadi Kyaka, na miji midogo iliupata mapema kuliko vijiji. Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe na kuwa wilaya mwaka 2012, na katika miaka iliyofuata nguzo za REA, Wakala wa Nishati Vijijini, zikazidi kusogea kwenye migomba. Nguzo zilipofika, saluni ilifunguliwa, likafuata banda la kuonyeshea mpira, na jirani yake kibanda cha gemu chenye PS2 iliyokwisha kutumika kwingine.

Biashara ya kibanda inaeleweka na kila mtu. Mwenye mali ananunua mashine mara moja, mteja analipia mechi, na aliyefungwa anaachia pedi. Ndiyo njia ya kale kuliko zote: hata kwenye Space Invaders ya kampuni ya Taito mwaka 1978, watoto wa Japani walikuwa wakitumbukiza sarafu kwa kila mchezo. Tofauti ni kwamba diski nyingi za vibandani kwetu zilikuwa za kunakili na mashine zilikuwa zimewekewa chipu ya kusoma nakala, hivyo aliyeunda gemu hakuambulia kitu. Hilo lisifichwe. Lakini historia hii ina upande wa pili ambao haujaandikwa vya kutosha, nao ni kazi ya kuiweka gemu hai baada ya mwenyewe kuiacha.

Mpira hausubiri. Mchezaji anahama klabu Agosti, kocha anafukuzwa Desemba, na kijana wa Nkwenda aliyesikia habari hizo redioni hakubali kucheza na kikosi cha mwaka juzi. Konami ilipoondoka, kazi hiyo ilibaki kwa mafundi wasiolipwa na kampuni yoyote. Maarufu zaidi ni wale wa Bomba Patch ya Brazili: walichukua gemu ya zamani ya PS2, wakabadili majina, jezi na vikosi, wakaiachia upya msimu baada ya msimu. Ndiyo maana diski iliyoandikwa mwaka mpya kwa kalamu ya wino mzito ilikuwa, ndani yake, PES ya zamani iliyokarabatiwa. Muuza diski aliileta, fundi akasafisha lenzi iliyochoka kusoma, mwenye kibanda akabadilisha pedi zilizolegea. Mlolongo huo mzima ulilipwa kwa shilingi mia kadhaa za mechi moja moja, na nyingi zilibaki palepale mjini.

Wakati huohuo makampuni makubwa yalikuwa yakijifunza kuuza kitu kilekile mara nyingi. Aprili 2006 kampuni ya Bethesda iliuza deraya ya kumvika farasi ndani ya gemu yake ya Oblivion kwa dola 2.50, wachezaji wakalalamika, kisha wakanunua. Mwaka 2009 kampuni ya EA ikaingiza Ultimate Team kwenye gemu yake ya mpira, FIFA: unanunua pakiti bila kujua ndani kuna mchezaji gani. Katika mwaka wa fedha 2021 mfumo huo uliiingizia EA zaidi ya dola bilioni 1.6. Ubelgiji iliamua mwaka 2018 kuwa pakiti za namna hiyo ni kamari, na mwaka uliofuata EA ikaacha kuziuza huko. Naona Ubelgiji ilikuwa sahihi, hasa kwa kuwa miongoni mwa wanunuzi wamo watoto.

Karagwe ilifikiwa na biashara hiyo kwa njia ya simu. Gemu ya Free Fire ya kampuni ya Garena ya Singapore, iliyotoka mwaka 2017, iliundwa iingie kwenye simu za bei nafuu. Kuipakua ni bure. Daimondi, yaani fedha za ndani ya gemu, ndizo zinazouzwa, na pesa za simu zimerahisisha kuzilipia. Konami nayo mwaka 2021 iliizika PES na kuleta eFootball ya bure, yenye sarafu zake za kununua. Gemu ya bure inadai bando kila siku, na fedha inayotoka Kayanga hairudi kumlipa fundi wa pedi.

Vijana hawakukaa kimya. Ligi yetu ya Tanzania haikuwamo kwenye FIFA, lakini gemu ya simu ya Dream League Soccer ya Uingereza inaruhusu kuingiza jezi kutoka nje, kwa hiyo jezi za klabu za Simba na Yanga zilichorwa na mashabiki na kusambazwa kutoka simu hadi simu. Ni kazi ileile ya Bomba Patch, safari hii kwa idhini ya mwenye gemu.

Idhini hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi, kwa sababu mwenye gemu anaweza kuiondoa. Machi 31, 2024 kampuni ya Ubisoft ilizima seva za gemu yake The Crew, na watu walioinunua kwa fedha zao wakabaki na gemu isiyofunguka. Kampeni ya kupinga jambo hilo, Stop Killing Games, ilikusanya sahihi zaidi ya milioni moja Ulaya mwaka 2025. Mchezaji wa Murongo, wilayani Kyerwa, mwenye daimondi zake yuko katika hali hiyohiyo, ila yeye hana hata mahali pa kuweka sahihi. Siku Garena ikifunga duka, hatakuwa na cha kumwuzia mwenzake. Mwenye kibanda akichoka, mashine yake bado ina mnunuzi katika kijiji ambacho nguzo zimefika juzi, na vikosi vilivyomo vinaweza kubadilishwa tena.