Vekta: Neno lenye ukubwa na mwelekeo

Wapo wanaodai eti Kiswahili hakiwezi kubeba fizikia. Hebu tulichunguze neno moja tu: vekta.

Katika Kilatini, neno hili lina maana ya mchukuzi. Ndiyo maana matabibu humwita mbu vekta wa malaria, kwa kuwa hubeba vimelea. Mwanahisabati William Rowan Hamilton wa Dublin alilitia katika hesabu miaka ya 1840. Kwake, vekta ilichukua nukta kutoka hapa hadi pale. Kiasi kisicho na mwelekeo alikiita skala. Baadaye Josiah Willard Gibbs na Oliver Heaviside waliirahisisha hesabu hiyo, ikawa hii inayofundishwa shuleni leo.

Sasa nauliza: je, wazo hili ni geni kwetu? Baharia wa Lamu hatosheki kuambiwa kwamba upepo ni mkali. Atataka kujua ni kaskazi au kusi. Ukali ni ukubwa. Jina la upepo ni mwelekeo. Jahazi likienda kilomita 3 mashariki kisha 4 kaskazini, limesafiri kilomita 7, lakini liko kilomita 5 tu kutoka pale lilipong'oa nanga.

Tunayo pia istilahi kasimwelekeo. Mwanafunzi akiisikia tu, ameshapata fasili yake: kasi pamoja na mwelekeo. Neno la Kiingereza halimfichulii siri hiyo.

Basi maneno tunayo. Tunachokosa, kwa maoni yangu, ni mazoea ya kuyatumia darasani.