Mgogo na bahari ya Kaole

Jana jioni kijiweni hapa Chang'ombe (ya Dodoma jamani, siyo ile ya Dar) nilikuwa nasimulia habari za bandari ya Bagamoyo. Jamaa mmoja akanikatiza: "Wewe Mgogo, bahari inakuhusu nini?" Wote wakacheka, na mimi nikacheka.

Lakini inanihusu. Misafara ya pembe na watumwa ya karne ya 19 iliyopita Mpwapwa na Kilimatinde ilikuwa ikienda na kutoka Bagamoyo, na watemi wetu waliitoza hongo ili ipite na kupata maji. (Naam, hongo hiyohiyo, ila enzi hizo ilikuwa ushuru.) Mwaka 2006 Tanzania ilipoiweka njia hiyo kwenye orodha ya awali ya UNESCO, Bagamoyo na Mpwapwa ziliandikwa pamoja.

Sasa hiyo bandari. Mkataba wa awali na Wachina ulitiwa saini 2013, ijengwe Mbegani, ikitajwa gharama ya dola bilioni 10. Mwaka 2019 Rais Magufuli akasema masharti yake hayakubaliki. Mwaka 2021 Rais Samia akataka mazungumzo yafufuliwe.

Jirani na Mbegani kuna Kaole: magofu ya misikiti miwili na makaburi, mji ulioanza karne ya 13. Magofu yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Sawa. Ila hebu jiulize, wale watu walitia nanga wapi? Bandari yao ilijaa tope na mikoko, biashara ikahamia Bagamoyo. Kama kuna nanga, vyungu au mbao za majahazi, vimelala kwenye tope hilo, mbali na macho ya mtalii. Na bandari ya kisasa huanza kwa kuchimba sakafu ya bahari.

Mombasa, meli ya Wareno Santo Antonio de Tanna ilizama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697. Wapiga mbizi waliifukua kati ya 1977 na 1980, na vitu vyake viko makumbusho. Je, mtambo wa kuchimba kina ungewatangulia?

Lamu nako, Mahakama Kuu mwaka 2018 iliamua wavuvi walipwe shilingi bilioni 1.76 za Kenya, ikasema haki zao za utamaduni zilipuuzwa. Ujenzi ulikuwa umeshaanza zamani.

Siipingi bandari, ajira tunazihitaji. Nataka tathmini ya mazingira, inayodaiwa na sheria ya 2004, impeleke mpiga mbizi kabla ya mtambo.

Yule jamaa nimemwahidi Jumapili nitamsimulia habari za hongo. Kasema chai nilipe mimi.